Sahani Tano, Maua Manne

Mtaani wote walimwita Fundi, hata mumewe alimwita hivyo, kwa sababu cherehani yake ilikaa dirishani na kulia kutwa. Alishona mapazia, foronya na sare za shule. Kwenye nguo alikuwa na jicho kali. Mshono ukipinda unywele mmoja anafumua. Kwenye chakula hakuwa na mbwembwe. Alipika vizuri, hilo hakuna aliyelibisha, ila akishaepua aliibeba sufuria ilivyo mpaka mezani, akaiweka juu ya kitambaa kilichokunjwa, akatumbukiza upawa na kusema, "Haya jamani, kila mtu na bahati yake." Kwao walikuwa watoto saba kwenye sinia moja. Pale hukupata nafasi ya kukitazama chakula. Ukitazama, wenzako wanakula.

Mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi majumba, hakuwa na neno. Alirudi nyumbani na njaa ya mpaka rangi, akala, akashiba, akalala. Mwenye neno alikuwa wifi.

Wifi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, na kazi yake ilikuwa kupamba kumbi za harusi. Siku moja alikuja kula kwa kaka yake pamoja na mama yao. Fundi alipoweka sufuria mezani, wifi aliinua kifuniko kwa ncha za vidole viwili, akachungulia ndani.

"Wifi yangu, kwako tunakula kama vibarua wa zege."

Wakacheka wote. Fundi naye akacheka, maana angefanyaje? Lakini mama mkwe hakucheka wala hakumkanya bintiye. Aliinamisha kichwa akaendelea kula, na kimya kile ndicho kilichomkaa Fundi kooni kwa wiki nzima. Miaka mitatu ya ndoa, bado hakuwa amejua yule mama anawaza nini juu yake. Hawakuwahi kugombana, lakini hawakuwahi kucheka pamoja pia. Na hivi karibuni kulikuwa na jambo. Watoto wa mama yule walizungumza kwamba amezeeka, moyo wake ni mbovu, asiendelee kuishi peke yake, na Fundi kwa bahati mbaya akasema mbele ya watu, "Nyumba yetu ni ndogo jamani." Alimaanisha nyumba ni ndogo, basi. Maneno yale yalizunguka ukoo mzima, kila mdomo ukaongeza chumvi na pilipili yake, hata yakarudi kwake yakisema hataki mama mkwe aone hata paa la nyumba yake.

Kwa hiyo aliposikia kwamba Jumapili wanakuja tena kula, aliapa moyoni kwamba safari hii hakuna atakayemcheka.

Aliazima sahani nyeupe kubwa kwa mteja wake wa mapazia. Akakesha na simu akitazama jinsi watu wanavyopanga chakula: wali unashindiliwa kwenye kikombe kisha unapinduliwa, mchuzi unachorwa kwa mgongo wa kijiko, karoti zinachongwa kama nyota. Jumapili asubuhi aliamka akafanya yote. Kuku alimtoa mifupa, akamkata vipande vya kulingana, akavipanga vikiegemeana. Mboga za majani alizifunga mafungu madogo kwa jani la kitunguu. Ilikuwa kama kushona.

Alipomaliza akarudi nyuma hatua moja akatazama. Kulikuwa na kitu kinakosekana. Sahani zilikuwa nyeupe, wali mweupe, kuku naye wa kahawia tu. Zilitaka rangi. Akatupa macho nje ya dirisha la jikoni. Nyumba ya pembeni ilikuwa haina mtu tangu wapangaji wahame, na miti ya uzio wake ilikuwa imekua ikamwaga matawi upande huu, imejaa maua ya rangi ya waridi, laini, mazuri ajabu. Fundi akachukua mkasi wake wa kushonea, akatoka, akakata maua matano. Vikonyo vilitoa utomvu mweupe kama maziwa. Akafuta mkasi kwenye aproni, akayaosha maua bombani, na kila sahani akaiwekea ua moja, juu kabisa ya kilima cha wali.

Walipoketi mezani waliziinamia sahani wakazitazama. Wa kwanza kusema alikuwa mtoto wa wifi, msichana wa miaka sita waliyemwita Pengo kwa ajili ya meno yake ya mbele.

"Anti, wali umevaa kofia!"

"Hiki ni chakula au sampuli?" mumewe akauliza, akigeuzageuza sahani. "Tukikipenda ndiyo unaleta chenyewe?"

"Wewe nyamaza, hujui vitu," wifi akamwambia. Akampigia Fundi makofi, akatoa simu na kupiga picha. "Sasa wifi! Sasa ndiyo umeamka!"

Mama mkwe aliitazama sahani yake kwa muda, akaizungusha polepole, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyoijua. "Sasa mwanangu," akasema, "hapa naingilia wapi?"

Wakacheka, na Fundi akacheka kweli safari hii. Lakini chakula cha namna ile ni kidogo. Kabla hajakaa, mumewe alishamaliza na anataka wali mwingine. Akaenda jikoni, akarudi. Wifi akataka mchuzi. Akaenda, akarudi. Juisi ikaisha. Alikula nusu ya chakula chake akiwa amesimama, ua lake amelisukuma pembeni. Mwishowe akakusanya sahani zote, akazibeba jikoni, akamwaga mabaki kwenye ndoo, na huku amejaa raha akamtumia dada yake picha aliyoipiga kabla ya kuzipeleka sahani mezani.

Dada yake alikaa mbali, akifuga mbuzi. Kwa kawaida ukimtumia picha anajibu kesho yake. Safari hii simu ililia papo hapo.

"Hayo maua umeyatoa wapi?" Hakusalimia.

"Si hapa kwenye uzio wa jirani. Mazuri, eeh?"

"Majani yake marefu, membamba, magumu? Ukikata yanatoa maziwa?"

"Ndiyo. Kwani vipi?"

Fundi alisikia mbuzi wakilia huko nyuma ya dada yake.

"Nisikilize vizuri. Mbuzi wangu wawili walikula tawi la mti huo. Hawakufika jioni. Bwana mifugo aliniambia ni sumu ya moyo, mti mzima, mpaka ua. Kuna mtu amekula?"

"Pambo tu hilo, dada. Nani anakula ua?"

"Nenda kahesabu."

Fundi aliweka simu juu ya meza bila kuikata. Akapiga magoti mbele ya ndoo ya mabaki, akaingiza mikono yote miwili. Alipata ua la kwanza limekwama kwenye wali. La pili. La tatu lilikuwa na mchuzi, akalifuta kwa kidole. La nne lilikuwa lake mwenyewe, alilijua kwa sababu lilikosa petali moja tangu mtini. Akachambua maganda, akachambua mifupa, akamwaga ndoo nzima sakafuni na kuanza upya. Maua manne.

Akajiambia limeanguka. Ua ni jepesi, limeanguka tu chini ya meza. Akanawa mikono, akaenda sebuleni akitembea taratibu kama mtu mwenye kazi zake. Mumewe alikuwa anatazama mpira. Wifi alikuwa kwenye simu. Mama mkwe aliketi kwenye kiti cha mkono, macho ameyafumba, na Pengo amejilaza miguuni pake kwenye zulia. Fundi akainama chini ya meza.

"Umepoteza nini, wifi?"

"Sindano," akasema. Neno lilimtoka lenyewe.

"Sindano! Pengo, inua miguu!" Wifi akamnyanyua mtoto kutoka chini, akamketisha kwenye kochi. Fundi alipapasa zulia lote, akainua ncha zake, akachungulia nyuma ya kabati. Alipata kifungo na punje za wali. Hakupata ua.

Alirudi jikoni, akafunga mlango na kuuegemea. Hapo ndipo hofu ilipomshika hasa. Mpaka wakati ule aliogopa sumu. Sasa akaona kitu kingine nyuma ya sumu. Mkwe aliyesema nyumba ni ndogo. Mkwe ambaye miaka mitatu ameweka sufuria mezani, na siku moja tu, siku ambayo mama mkwe amekuja, anapakua sahani moja moja, kila mtu na ya kwake, na sumu juu. Nani angeamini? Yeye mwenyewe, angeisikia habari hiyo kwa mtu, angesema, "Makusudi hayo." Kikulacho ki nguoni mwako, wangesema, na wangemwangalia yeye.

Ndoo ile ilikuwa imemwagika mbele yake. Kuzoa na kutupa ingekuwa kazi ya dakika moja. Pengine ua lilidondoka njiani kutoka jikoni. Pengine aliyelila hatadhurika. Ua moja ni nini? Akiwa kimya, na mtu akiugua kesho, nani atakumbuka pambo?

Kwenye simu, dada yake alikuwa bado anaita: "Haloo? Haloo? Mangapi?"

Fundi akaichukua. "Manne," akasema. "Yalikuwa matano."

"Basi unasimama hapo kufanya nini?"

Alitoka. Alizima runinga, na mumewe alifungua mdomo kulalamika, lakini alipouona uso wa mkewe akaufunga.

"Yale maua yana sumu," Fundi akasema. "Sikujua. Nimeambiwa sasa hivi. Yalikuwa matano, nimepata manne. Nani amekula ua?"

Wifi akapiga yowe, akamrukia mtoto wake, akamwingiza vidole mdomoni. "Fungua! Umekula? Pengo, umekula?"

Mtoto alilia, akatapatapa. "Sijala! Sijala mimi! Bibi ndiye kala langu!"

Wote wakageuka.

Mama mkwe alikuwa amefumbua macho. Alikaa vilevile, mikono juu ya mapaja. "Ni kweli," akasema. "Mtoto alikuwa amegoma kula. Alikuwa anaogopa ile kofia ya wali. Nikamwambia, tazama, bibi anaanza na ua. Nikalila, nikamwambia tamu. Lilikuwa chungu kama shubiri, lakini ningemwambia hivyo asingekula kabisa."

"Na yeye? Yeye aliligusa?"

"Nilimpa alirambe. Sijui kama aliramba."

"Sikuramba," Pengo akasema kwa kilio, lakini mtoto aliyeshikwa hivyo husema lolote.

"Mama, unajisikiaje?" mume wa Fundi akauliza. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kiti.

"Tumbo linanisokota kidogo. Nilidhani ni gesi." Akamtazama Fundi. Lilikuwa jicho kavu, lisilo na hasira wala huruma ambayo Fundi angeweza kuiona. "Nilikuwa sitaki kumtia aibu mwenye nyumba."

Waliingia kwenye gari dogo la wifi. Fundi alikimbia kurudi ndani, akatia maua manne kwenye mfuko wa plastiki na kukata jani moja la mti ule, kwa sababu dada yake alimpigia kelele kwenye simu kwamba daktari atataka kuliona. Akakaa kiti cha nyuma, katikati, mama mkwe akiwa mlangoni. Pengo alikuwa upande wa pili, akilia kwa kwikwi. Wifi aliendesha kama mtu anayefukuzwa, na kila aliposimama kwenye taa alimtazama Fundi kupitia kioo cha juu. Fundi aliyakwepa macho yale kwa kutazama mfuko mapajani mwake. Maua yalikuwa bado hayajanyauka.

Nusu ya njia mama mkwe alishika mkono wa Fundi. Mkono wake ulikuwa wa baridi na umeloa. "Simamisheni," akasema. Kabla gari halijasimama vizuri alikuwa ameshafungua mlango. Alitapika nje ya mlango, tena na tena, Fundi amemshika kiunoni asianguke barabarani, na alipomaliza akabaki amening'inia mikononi mwake, mwepesi kama nguo iliyoanikwa.

"Mama. Mama!"

"Nipo," akasema mama mkwe. "Usinipigie kelele masikioni."

Hospitalini walimchukua kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliufungua ule mfuko, akatazama ua, akalitazama jani, akaufunga haraka. Fundi, ambaye maisha yake yote alikuwa akisoma nyuso za wateja kujua kama gauni limewapendeza, aliusoma uso ule akaelewa kabla hajaambiwa.

"Amekula kiasi gani?"

"Ua moja."

"Anatumia dawa zozote?"

"Vidonge vya moyo," mumewe akajibu. Daktari akaongeza mwendo.

Walimnywesha dawa nyeusi kama masizi. Walimbandika nyaya kifuani zilizokwenda kwenye mashine, na kwenye mashine kulikuwa na namba ya kijani iliyoonyesha mapigo ya moyo. Mtu mmoja tu ndiye aliyeruhusiwa kukaa karibu. Wifi alikuwa kwa Pengo, ambaye naye alikuwa anapimwa chumba kingine, na mume alitumwa kuvifuata vidonge vya mama yake nyumbani ili daktari avione. Kwa hiyo aliyebaki alikuwa Fundi. Alisimama kando ya kitanda na kuitazama ile namba. Hamsini na nne. Hamsini na moja. Alijua hapaswi kuitazama. Arobaini na nane.

"Mbona taa ile ina duara?" mama mkwe akauliza, akitazama dari.

Fundi akatazama juu. Ilikuwa taa ya kawaida, ndefu, nyeupe. "Duara gani, mama?"

"La manjano. Kama pete."

Fundi akaenda kumwita muuguzi, na muuguzi akaenda kumwita daktari, na kila mtu alipopita alipita upesi. Arobaini na tatu. Walimtoa nje, wakavuta pazia. Lilikuwa pazia la kijani, pindo lake limeshonwa vibaya, nyuzi zinaning'inia. Aliitazama mishono ile kwa sababu hakuwa na mahali pengine pa kutazama.

Wifi alikuja akaketi kwenye benchi. Pengo alikuwa amelala begani mwake. Hakuwa na dalili yoyote, walisema, lakini asiondoke mpaka kesho. Walikaa, nafasi ya mtu mmoja imebaki kati yao.

"Ulijua?" wifi akauliza. Hakugeuka.

"Ningejua ningetoka jikoni kuwaambia?"

"Sijui. Nakuuliza."

"Sikujua, wifi. Wallahi sikujua. Niliyaona mazuri."

Wifi akatikisa kichwa, lakini Fundi hakujua anatikisa kukubali au kukataa. Mwisho wa ukumbi mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mwenye sare ya buluu na redio mkononi, akaja moja kwa moja upande wao. Fundi akasimama. Akawaza, angalau ningevua aproni. Kumbe muda wote ule alikuwa bado ameivaa. Akajiandaa kusema, ni mimi.

Yule mtu akawapita. Alikuwa mlinzi, anakwenda kufunga madirisha.

"Kaa chini," wifi akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka. "Kaa, wifi. Utaanguka."

Baadaye kidogo daktari alivuta pazia. "Anamtaka mkwewe," akasema. "Dakika chache tu."

Fundi aliingia. Hakuitazama mashine. Mama mkwe alikuwa mdogo kwenye kile kitanda, midomo myeusi kwa ile dawa, kama mtoto aliyekula makaa.

"Sogea," akasema. "Sina sauti. Nimemwambia daktari ua nililichuma mwenyewe. Njiani, wakati tunakuja. Nikalila kwa kumchezea mtoto. Na wewe useme hivyo."

"Mama, siyo..."

"Nikifa watu wataongea. Unawajua ndugu zetu. Usiwape cha kutafuna."

Miaka mitatu alikuwa ameogopa kimya cha yule mama, na sasa alitamani anyamaze, kwa sababu kila neno lilionekana kumgharimu pumzi. Alimshika mkono, ule mkono wa baridi, kisha akauachia, akatoka nje ya pazia na kumfuata daktari ukumbini.

"Daktari, mama amekwambia uongo. Maua niliyakata mimi. Nimeyaweka mimi kwenye sahani zenu... kwenye sahani zao. Za wageni. Yalikaa juu ya wali tangu nilipopanga mpaka walipokula. Yalikuwa yanatoa maziwa. Na mkasi niliufuta kwenye aproni hii, na mikono hii hii ndiyo iliyopakua."

Wifi alikuwa anasikia yote kutoka benchini. Fundi alijua, na aliendelea kusema.

Daktari akamtazama mikono, akamwuliza kama ameosha kwa sabuni, akamwuliza kama yeye mwenyewe au mtu mwingine anasikia kichefuchefu. Kisha akasema, "Mama, mimi natafuta kiasi cha sumu tu. Mambo ya nani kafanya nini mtayamaliza wenyewe nyumbani. Umefanya vizuri kusema. Vua hiyo aproni, ikae kwenye mfuko." Akarudi ndani.

Aliposhika kamba za aproni, vidole havikufungua fundo. Vidole vyake, ambavyo vingeweza kutunga uzi gizani. Wifi aliinuka, akamlaza Pengo kwenye benchi, akaja nyuma yake na kulifungua lile fundo. Alikunja ile aproni ndani nje, mbali na mwili wake, na walipoketi tena ile nafasi katikati yao haikuwepo.

Mapigo ya moyo ya mama mkwe yalishuka mara moja zaidi kabla jua halijatua, mpaka thelathini na tisa, na wauguzi walikimbia na sindano, na mume wa Fundi aliyekuwa amerudi na vidonge alisimama ukutani na kupiga ukuta polepole kwa kiganja, kama anayekagua plasta. Kisha yakaanza kupanda. Yalipanda kwa uchoyo, mawili, moja, mawili. Kulipokucha yalikuwa yamefika sitini, na mama mkwe alikuwa anamlalamikia muuguzi kwamba uji wao hauna sukari.

Alikaa hospitali siku tatu. Mume wa Fundi alimtafuta mwenye ile nyumba ya pembeni, wakaenda pamoja nyumba kwa nyumba kuwaonya wazazi wa mtaa mzima, na ile miti ikang'olewa na mizizi yake. Ndugu waliongea, kama mama mkwe alivyosema. Wengine mpaka leo wanapokaribishwa kwa Fundi husema wameshakula. Wifi alipoulizwa mbele ya watu alijibu, "Mimi ndiye niliyemcheka mpaka akatafuta maua. Mna lingine?" Na wakakosa lingine, angalau mbele yake.

Mama mkwe alipotoka hospitali hakurudi kwake. Alikuja kwa Fundi, na cherehani ikahamishiwa chumbani ili yeye apate kitanda karibu na dirisha. Hakuna aliyezungumza juu ya udogo wa nyumba.

Lakini Fundi hakuwa yule wa zamani. Alipika akiwa ameosha mikono mpaka ngozi ikakwaruzika. Alionja kila kitu, akasubiri, akaonja tena, chakula kikapoa. Jani la bizari lilimtisha. Mumewe alipomletea nyanya kutoka sokoni alizigeuza moja moja akitafuta asichokijua. Na mama mkwe alipokula, hata ugali na mchuzi tu, Fundi alisimama mlangoni na kutazama koo lake, likipanda, likishuka, na midomo yake ikihesabu bila sauti.

Siku moja mchana mama mkwe aliweka kijiko chini.

"Mwanangu, unatazama nini?"

"Hakuna, mama."

"Chukua sahani yako ukae hapa. Ukisimama hivyo na mimi unanitia woga."

Fundi akaleta sahani yake, akaketi. Alikula tonge moja. Mama mkwe alikula tonge moja. Kisha mama mkwe akakohoa, kikohozi kidogo tu cha pilipili, na Fundi alikuwa tayari amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, mkono umeshika simu.

"Kaa," mama mkwe akasema, macho yakimtoka machozi ya pilipili. "Kaa chini, mwanangu. Kula."